Chungu Kisicho na Bei



Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 1251, yatuagiza kujinyima nyama siku ya Ijumaa, na kanuni inayofuata yasema kwamba agizo hilo lamhusu kila aliyetimiza miaka 14. Kila mwaka, Kwaresima inapokaribia, sisi makatekista husimama mbele ya waamini na kulieleza. Nao hutusikiliza kwa adabu. Lakini mwaka huu mzee mmoja wa jumuiya yetu ndogo alitujibu, kwa mzaha ambao haukuwa mzaha mtupu, kwamba tangu Noeli nyama haijaingia nyumbani mwake, hivyo Kanisa limemkuta amekwisha kutii.

Jibu hilo si la kuchekwa. Katika mji unaotoa shaba na kobalti kwa ajili ya dunia nzima, wapo wengi ambao Ijumaa yao haitofautiani na Jumanne: bukari, sombe au matembele, na maharagi siku ya bahati. Ukimwambia mtu wa namna hiyo aache nyama, umemwambia aweke chini mzigo asioubeba. Kwaresima yake basi iko wapi? Sisi tulilitafuta jibu ndani ya sufuria ya maharagi, na sehemu yake tuliipata humo.

Tangu Kwaresima iliyopita chama chetu hupika maharagi kila Ijumaa jioni kwa ajili ya watoto wanaorudi kutoka mahali pa kuchambua na kuosha mawe. Kila mkaaji wa Kolwezi anawafahamu: mikono imepauka kwa maji, na nguo zina vumbi ambalo sabuni hailiondoi. Masista wa Mchungaji Mwema wanawafanyia watoto wa namna hiyo kazi kubwa kuliko yetu, ya masomo na ya malezi. Yetu ni sufuria tu.

Wapo waliotupinga tangu mwanzo, tena kwa sababu yenye uzito. Kolwezi ilianzishwa mwaka 1937 na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, ambayo ilikuwa na desturi ya kuwapa wafanyakazi wake mgao wa chakula, unga na maharagi yakiwemo. Serikali ilipoitwaa migodi mwaka 1967, Gécamines nayo ikaendelea kugawa chakula. Kisha mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaacha kazi katika mpango mmoja, na mgao ukabaki katika kumbukumbu za wazee. Kwa hiyo katika nyumba nyingi maharagi yana sura ya foleni, ya karani na mizani yake. Mama mmoja alituambia waziwazi: msiwape watoto hao maharagi, maana ni chakula cha kuhesabiwa, tafuteni hata samaki wadogo.

Tulimwelewa. Hata hivyo Maandiko hayayadharau maharagi. Danieli na wenzake watatu walikula mboga na mbegu kwa siku kumi katika jumba la mfalme wa Babeli, na nyuso zao zikawa nzuri kuliko za vijana waliokula chakula cha mfalme. Daudi alipomkimbia mwanawe Absalomu, watu walimletea maharagi na dengu huko Mahanaimu, kwa kuwa waliona jeshi lake lina njaa na limechoka. Nao wataalamu wa lishe hufundisha jambo ambalo bibi zetu walilitenda bila kulisoma: kile ambacho protini ya mahindi inapungukiwa, maharagi yanacho, na kile ambacho maharagi yanapungukiwa, mahindi yanacho. Bukari na maharagi katika sahani moja ni ndoa halali.

Kazi ya kupika iliwaangukia wanaume. Ijumaa jioni akina mama wengi wa chama wako sokoni, au katika Njia ya Msalaba pamoja na vikundi vyao, na mtu wa kukaa na moto kwa saa tatu hakupatikana ila miongoni mwetu. Palikuwa na minong'ono. Tuliwakumbusha wanung'unikaji kwamba Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, sura ya 35, inataka ndugu wahudumiane jikoni kwa zamu, na inamwachilia tu mgonjwa au mwenye kazi muhimu zaidi. Baada ya hapo tulijifunza kwa mama mmoja mjane, ambaye hakuona haja ya kumtaja mtakatifu yeyote. Alisema: «Baba, maharagi ya Ijumaa hupikwa Alhamisi.»

Maana yake ni kuloweka. Kilo 6 za maharagi makavu, zikilala ndani ya maji usiku kucha, asubuhi uzito wake hukaribia kilo 12, na huwatosha watoto wapatao 60. Maji yale humwagwa, hayapikiwi. Asiyeloweka atalipa kwa makaa, na bei ya makaa kila mmoja wetu anaijua, kama anavyojua jinsi msitu unavyozidi kuwa mbali na mji. Tena Kolwezi iko juu, karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Katika kimo hicho maji huchemka yakiwa na nyuzi 95 hivi, si 100. Kwa macho sufuria yatokota sawasawa na ile ya Dar es Salaam, lakini joto lake ni pungufu, na maharagi hulitambua hilo hata kama mpishi halitambui. Mwalimu anayetoka pwani na kitabu chake cha mapishi atangoja sana hapa kwetu.

Moto wa kubembeleza haufai mwanzoni. Maharagi mekundu mabichi yana sumu inayolichafua tumbo, nayo haiondoki mpaka yatokote kwa nguvu. Tulifundishwa kuyaacha yachemke hivyo nusu saa nzima kabla ya kupunguza makaa ya mbabula. Nyanya haziingii mapema, kwa sababu uchachu wake huifanya ganda la haragi ligome kulainika. Magadi huharakisha kazi, lakini mjane wetu hakuyataka: yakizidi huleta ladha ya sabuni, na sehemu ya vitamini hupotea.

Kuhusu maji yenyewe tulikuwa wakali. Katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 4, wana wa manabii walimlilia Elisha kwamba mauti imo chunguni, kwa maana mtu mmoja alikuwa amechuma matango ya mwitu asiyoyajua. Sisi tunayajua ya kwetu. Maji ya mto yanakooshewa mawe hayaingii katika sufuria yetu, hata yakionekana maangavu. Kuchemsha huua vijidudu, hakuondoi madini. Tulinunua maji ya kisima kirefu, bidoni kwa bidoni, na kwa kweli katika matumizi yote ya jioni moja, ukiyatoa maharagi na makaa, maji ndiyo yaliyotugharimu zaidi.

Sasa tufike kwenye viungo, kwa kuwa ndipo tuliposhindana hasa. Katika sufuria nyingine ndogo vitunguu hukaangwa katika mafuta ya mawese mpaka vibadilike rangi. Huongezwa kitunguu saumu na tangawizi iliyotwangwa, kijiko cha bizari ya manjano, karafuu tatu au nne, kisha nyanya, na mchanganyiko huo hupikwa mpaka mafuta yajitenge na kuelea juu. Ndipo humiminwa juu ya maharagi yaliyokwisha kuiva, pamoja na chumvi, na yote huachwa yazungumze pamoja nusu saa. Lengalenga huingia mwisho kabisa. Pilipili hukaa pembeni kwa ajili ya wakubwa. Harufu yake hufika barabarani.

Mtunza hazina wetu, mtu mwadilifu, alipiga hesabu akaonyesha kwamba fedha ya bizari, karafuu na tangawizi ingenunua maharagi ya watoto wengine kadhaa. Akaongeza hoja ya kiroho: huu ni wakati wa toba, kwa nini tupambe chakula? Wengi walitikisa kichwa kukubali. Sisi tunadhani hoja hiyo ya pili ni mbaya, ingawa husikika kama utakatifu. Toba ni yangu, haiwezi kuwa ya mtoto ninayemlisha. Kanuni yenyewe haimbani mtoto wa miaka tisa. Yeye anafunga mwaka mzima bila kuagizwa na mtu. Mjane alimuuliza mtunza hazina neno moja tu: «Mgeni akifika kwako, unampikia kwa maji na chumvi?» Viungo vikanunuliwa. Hesabu yake, tukiri, ilikuwa sahihi, na Ijumaa mbili chakula kiliisha kabla ya watu kuisha.

Tulipokuwa tukingoja moto tulisoma mara nyingi Mwanzo, sura ya 25. Tumezoea kumlaumu Esau kwamba alikuwa mlafi, aliyeuza haki ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula chekundu cha dengu. Ukiisoma sura hiyo Kolwezi, jicho linahama kutoka kwa Esau na kumtazama Yakobo. Yakobo alijua kupika. Alikuwa na chungu tayari, ndugu yake amefika kutoka porini amezimia kwa njaa, naye akataja bei kwanza. Mtu mwenye njaa hajadili bei. Ndivyo ilivyo kila jioni mbele ya vibanda vya wanunuzi wa mawe: mtoto ambaye hajala tangu asubuhi hupokea kiasi chochote anachotajiwa, kwa sababu tumbo limemtangulia kuuza. Wengine hupewa kipande cha mkate asubuhi na kukilipa kwa mfuko wa mawe jioni. Njaa ya muuzaji ni sehemu ya faida ya mnunuzi.

Hapo ndipo swali lilipotugeukia. Katika mkutano mmoja ilipendekezwa kwamba watoto waandikwe kwanza majina, wakae dakika thelathini katika mafundisho, kisha wale. Pendekezo lilikuwa na akili. Mabenchi ya katekisimu yako nusu tupu, na watoto hao wengi hawajui hata ishara ya msalaba. Ni nani atakayewafundisha, na lini, kama si wakati wamekaa mbele yetu? Sisi tuliosomea ualimu tulivutwa sana na wazo hilo, na bado linatuvuta. Lakini tuliosomea ualimu tunajua pia kwamba mtoto mwenye njaa hasikii somo, anasikia sufuria. Na lililo zito zaidi: mafundisho yakitangulia kwa sharti, yamekuwa bei. Tungekuwa tumemtangaza Kristo kwa mdomo wa Yakobo. Baada ya mjadala mrefu, na kwa kura chache za ziada, daftari la majina lilibaki nyumbani. Tulisali sala ya kabla ya kula, fupi, kwa sauti, na aliyetaka aliitikia.

Wengine watauliza matunda. Katika Kwaresima nzima watoto watatu walifika mafundisho ya Jumamosi. Waliopinga wana haki ya kututajia idadi hiyo, na wanatutajia.

Palikuwa na mvulana wa miaka kumi na mmoja au kumi na miwili. Ijumaa ya kwanza alipewa sahani, akauliza bei gani. Aliambiwa hakuna bei. Akairudisha sahani, akaenda zake. Ijumaa ya pili alisimama karibu na ukuta akiwatazama wenzake mpaka wamalize, kana kwamba anangoja wadaiwe. Ya tatu alikula, sahani mbili, bila neno. Ya nne alileta jiwe la kijani, zito, zuri, saizi ya ngumi, akalisukuma mbele ya mjane mezani.

Tulitazamana. Kulikataa kungemwaibisha mbele ya wenzake. Kulipokea kungekuwa kuuza. Mmoja wetu alianza kueleza neema ni nini. Mjane alilichukua jiwe, akamshukuru mvulana kama anavyoshukuriwa mgeni aliyekuja na zawadi, akainama akaliweka chini ya mguu mfupi wa mbabula uliokuwa ukiyumba tangu siku ya kwanza. Kisha akampakulia. Jiwe lipo pale mpaka leo, limeshika masizi, na mbabula haiyumbi.

Kwa wanachama wa zamu ya Ijumaa ijayo: maharagi yaliyopatikana sokoni safari hii ni ya aina mbili, mekundu na ya manjano, nayo hayaivi kwa muda mmoja. Yatenganisheni kabla ya kuyaloweka. Tutahitaji sufuria mbili, na ya pili bado hatunayo. Mwenye sufuria kubwa yenye kifuniko ailete Alhamisi kabla ya jua kutua. Maji tayari yamelipiwa.