Uchafu na Uchakavu

Vitu vyetu huharibika kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuongezewa kitu kisichotakiwa, kama vumbi juu ya meza, masizi ndani ya taa, au tope katika viatu. Njia ya pili ni kupungukiwa na kitu kilichotakiwa, kama makali ya panga, soli ya kiatu, au rangi ya nguo. Ubaya wa kwanza huitwa uchafu, na ubaya wa pili huitwa uchakavu. Uchafu huoshwa ukatoka. Uchakavu hauoshwi, maana hapana kitu cha kuondolewa. Kilichotakiwa kimekwisha kwenda zake. Mtu asiyetofautisha mambo haya mawili hupoteza sabuni yake, nguvu zake, na aghalabu fedha zake. Nitalieleza jambo hili kwa mfano wa televisheni moja niliyoijua.

Mjomba wangu ana mkahawa mdogo mjini Kitale, ambamo madereva wa malori ya mahindi huingia kunywa chai na kula ugali. Mwaka 2013 alinunua mjini Bungoma televisheni kubwa ya plazma, iliyokuwa imekwisha kutumiwa na mtu mwingine. Aliitundika ukutani, nayo ikafanya kazi tangu alfajiri hadi usiku. Wateja walipenda habari, basi kituo kilikuwa kimoja siku zote. Mwaka 2019 wateja wale wale walianza kunung'unika. Kila mpira ulipooneshwa, nembo ya kituo cha habari ilionekana katika pembe ya kioo kama kivuli, na chini palilala utepe hafifu mahali ambapo maneno ya habari hupita. Kituo kilibadilishwa, kivuli hakikuondoka. Mmoja alisema ni ukungu. Wa pili alisema ni moshi wa jikoni. Mkaza mjomba alikisugua kioo kwa kitambaa na maji ya vuguvugu, kivuli kikabaki pale pale.

Ndipo akatokea fundi mmoja mpita njia, akasema kuwa uchafu umeingia nyuma ya kioo, na kwamba yeye anayo dawa ya kuuosha. Alitaka shilingi 9,000. Fedha hizo zilikuwamo nyumbani, lakini zilikuwa karo ya binti yao aliyekuwa kidato cha tatu, na muhula wa pili ulikaribia. Mjomba alisema kuwa mkahawa ndio uletao karo, na televisheni ndiyo iletayo wateja. Mkaza mjomba alisema kuwa mtoto akirudishwa nyumbani, masomo hayatamngoja mpaka wateja warudi. Hoja zote mbili zilikuwa nzito, na kila mmoja alisema kwa mapenzi ya mtoto yule yule. Mimi nafundisha Bungoma, na siku hizo nilikuwa nimekwenda kuwaamkia katika likizo ya Aprili. Mjomba akanigeukia, akasema, "Mwalimu, wewe umesoma. Je, dawa hii itafaa?"

Swali lile halikutaka maneno mengi, bali lilitaka kujua jinsi kitu chenyewe kilivyoundwa. Kioo cha plazma ni vioo viwili vilivyoshikamanishwa, na kati yake mna vijumba vidogo mno, ambavyo hesabu yake hufika mamilioni katika televisheni nyingi. Ndani ya vijumba hivyo mmefungiwa gesi, aghalabu neoni na zenoni. Umeme upitapo, gesi hutoa mionzi ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho. Kila kijumba kimepakwa ndani unga uitwao fosfa, nao ukipigwa na mionzi hiyo hung'aa, katika kimoja nuru nyekundu, katika kingine kijani, na katika kingine buluu. Picha yote tuionayo ni kazi ya vijumba hivyo.

Sasa unga ule huchoka kwa kazi kama mtu achokavyo. Kadiri ung'aavyo sana na kwa muda mrefu, ndivyo nguvu zake zipunguavyo. Picha zikibadilika daima, vijumba vyote huchoka pamoja, na jicho halioni tofauti. Lakini nembo nyeupe ikikaa mahali pamoja kutwa, miaka nenda miaka rudi, vijumba vya pale hufanya kazi kuliko jirani zao na kuchakaa mbele yao. Picha nyingine ijapo, vijumba hivyo hutoa nuru dhaifu, na udhaifu huo una umbo la nembo. Kwa hiyo kivuli kile hakikuwa kitu kilichoongezeka. Kilikuwa nuru iliyopungua. Tena vioo vile vimezibwa pande zote ili gesi isitoke. Mwenye kuvifungua ili avioshe ndani ataiachia gesi, na televisheni itakufa mikononi mwake. Nilimweleza mjomba hayo, naye akakubali kwamba fedha zisitoke kabla ya kupata shauri la fundi wa pili.

Tuliifunga televisheni kwa mablanketi, tukasafiri nayo kupitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye hadi Bungoma. Huko tuligundua jambo jingine. Kitale televisheni ile ilikuwa ikivuma kama mzinga wa nyuki, na Bungoma mvumo ule ukapungua sana. Mji wa Kitale umeinuka yapata mita 1,900 juu ya bahari, na Bungoma yapata mita 1,400. Kani ya hewa ya nje husaidia kuvibana vioo vya plazma. Kwenye nyanda za juu hewa ni nyepesi, kani hupungua, na vioo huweza kutetemeka na kuvuma. Basi mvumo ulitokana na mahali, ukapungua mahali palipobadilika. Kivuli kilitokana na kioo chenyewe, kikasafiri nacho.

Fundi wa Bungoma alikitazama kioo kwa muda, akasema, "Mzee, sitakudanganya. Sehemu ya kivuli hiki itaondoka, na sehemu itabaki." Alieleza kuwa kuna kivuli cha kupita, kiachwacho na picha ya karibuni, nacho hufutika picha nyingine zikiendeshwa, na kuna kivuli cha kudumu, ambacho ni uchakavu hasa. Alipunguza ukali wa mwangaza, akaiacha televisheni siku tatu ikionyesha weupe mtupu na picha za mwendo. Utepe wa chini ulikaribia kutoweka. Nembo ilififia, lakini haikwisha. Fundi hakujisifu kwa hilo. Alisema kuwa weupe ule haurudishi nguvu za vijumba vilivyochoka, bali huwachosha jirani wakaribiane navyo, na kwa sababu hiyo haufai kuzidishwa. Alipokea shilingi 500. Karo ililipwa, na binti alirudi shuleni siku ya kufungua muhula. Tangu hapo mjomba alibadili vituo mara kwa mara, na mkahawa ulipokuwa mtupu alizima.

Inafaa wanafunzi wajue kuwa kioo cha plazma kilivumbuliwa kwa ajili yao. Mwaka 1964, katika Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, Donald Bitzer, Gene Slottow na Robert Willson walikiunda kwa kompyuta ya kufundishia. Mwaka 2014 viwanda vikubwa viliiaga biashara ya televisheni za plazma, lakini uchakavu wa namna ile haukuagwa. Simu nyingi za leo zina vioo vya oledi, ambavyo kila nukta yake hutoa nuru yenyewe, na nukta itumiwayo kuliko wenzake huchoka kwanza.

Wala jambo hili si la vioo peke yake. Mkulima wa Trans Nzoia apandaye mahindi shamba lile lile kila mwaka huona majani yakigeuka manjano. Akidhani kosa ni magugu, atapalilia mpaka mgongo umwume, na mahindi hayatanenepa. Magugu ni uchafu wa shamba. Ardhi iliyochoka ni uchakavu wake, nayo hutaka samadi na kubadilishiwa mimea. Ndugu wawili waliokoseana kwa neno moja wana uchafu kati yao, na neno jingine la upole huweza kuuosha. Lakini imani iliyotumiwa vibaya kila siku kwa miaka mingi imechakaa, na neno moja halitairudisha. Hutaka siku nyingi za mwenendo mwingine.

Kwa hiyo, kijana, uonapo doa katika kitu chako au katika maisha yako, usikimbilie kitambaa, wala usimkimbilie mwenye dawa. Uliza kwanza kilichoongezeka ni nini, na kilichopungua ni nini. Kilichoongezeka kiondoe. Kilichopungua kitunze, ili kisipungue zaidi.