Moyo wa Mtoto Husema



Mtoto aliye tumboni hawezi kupiga kelele. Lakini moyo wake husema, na mkunga akisikiliza huusikia.

Mimi ni afisa wa elimu ya watu wazima. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa amekufa. Mke wangu alishikwa na uchungu jioni. Mimi nikasema, "Tusubiri kuche." Asubuhi tulipofika zahanati, mkunga alisikiliza tumbo kwa muda mrefu, kisha akanyamaza. Neno lile, "Tusubiri kuche," nililisema mimi.

Mimba ya pili ilipokuja, tulikwenda kliniki pamoja. Mkunga alitumia chombo kifupi cha mti, kama tarumbeta ndogo. Daktari wa Ufaransa, Adolphe Pinard, ndiye aliyekibuni. Hakitaki umeme wala betri. Upande mpana huwekwa tumboni, upande wa pili sikioni. Mkunga alishika pia kifundo cha mkono wa mke wangu, asije akahesabu moyo wa mama akidhani ni wa mtoto.

Nikauliza, "Sista, moyo wa mtoto hupiga mara ngapi?"

Akajibu, "Baba, kwa kawaida mara 110 hadi 160 kwa dakika moja. Ukipiga polepole mno au mbio mno, huenda mtoto yuko taabuni."

Uchungu ulipoanza, tuliondoka usiku uleule. Mimi nilikaa barazani. Ndani, mkunga alisikiliza kila nusu saa na kuandika. Alfajiri alitoka upesi kuita gari, karatasi mkononi. Nikaisoma: 140, 138, 142. Kisha 104. Kisha 100. Hakuhitaji kunieleza.

Hospitalini mke wangu alifanyiwa upasuaji. Mtoto akatoka analia. Leo yuko darasa la tatu.

Msomaji, wewe sasa unajua kusoma namba. Ukienda kliniki, au ukimpeleka mkeo, uliza: "Moyo wa mtoto unapiga mara ngapi?" Mtoto akipunguza kucheza tumboni, nendeni kituoni siku hiyohiyo. Wakati wa uchungu, moyo usikilizwe kila nusu saa, na wakati wa kusukuma, kila dakika 5.

Na uchungu ukianza usiku, ondokeni usiku. Msisubiri kuche.