Zamani Tuling'oa Usukani

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Njombe ikiwa bado wilaya ya mkoa wa Iringa, nilikuwa utingo kwenye Fuso la mbao. Tulipakia Njombe, tukashika lami hadi Makambako, kisha tukaingia barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam.

Siku hizo gari likibadilishwa tairodi (fimbo inayounganisha magurudumu ya mbele) au dragi linki (fimbo inayotoka gia boksi ya usukani kwenda kwenye gurudumu), mara nyingi lilitoka gereji likienda moja kwa moja huku usukani umelala upande. Dawa ya mafundi ilikuwa moja: fungua nati ya katikati, ng'oa usukani kwenye meno yake, ugeuze, upachike tena. Dereva akiuona umenyooka, analipa na kuondoka.

Taabu ilianza njiani. Gari linakata kona ya kulia bila shida, ya kushoto linataka barabara nzima. Kwenye mnyooko usukani unacheza mkononi, na dereva anahangaika nao mpaka Mafinga akiwa na shehena ya mbao mgongoni. Gia boksi ya usukani imetengenezwa ikaze kidogo pale katikati, kwa sababu ndipo gari linapokaa muda mwingi. Ukigeuza usukani peke yake, boksi linabaki nje ya katikati yake, na uwazi wote unauhisi.

Nilipata kuona kazi ikifanywa sawasawa kwa mzee mmoja, fundi wa Makambako. Utingo mwenzangu alishachukua spana ya nati.

"Usiuguse huo, mwanangu. Hesabu kwanza."

Alianza na tairodi. Alipiga mstari wa chaki kwenye matairi ya mbele, akapima umbali upande wa mbele na upande wa nyuma; mbele pawe pembamba kwa milimita chache tu. Kisha, dragi linki ikiwa imefunguliwa, akazungusha usukani hadi mwisho wa kulia, akauhesabu kurudi hadi mwisho wa kushoto: mizunguko mitano. Akarudisha miwili na nusu, akausimamisha hapo. Matairi yakiwa yameelekea mbele, akalala chini ya gari, akaizungusha dragi linki, akiirefusha kidogo kidogo, mpaka kichwa chake kikaingia tunduni bila kulazimishwa. Usukani ulikuwa umenyooka, wala hakuugusa. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizoona gereji.

Mtindo huo ulienea taratibu, madereva wenyewe wakiudai, maana tairi za mbele ziliacha kuliwa upande mmoja. Sasa kuna mashine za kupima alaimenti, na malori mapya mengi yana sensa inayosoma pembe ya usukani. Ukiung'oa usukani na kuupachika ovyo, kompyuta itaamini gari linapinda hata likiwa kwenye mnyooko.

Dereva mwenzangu, ukimwona fundi anakimbilia nati ya usukani kabla hajalala chini ya gari, mzuie.