Mtoto na Usukani

Sisi tufundishao shule ya kijiji pwani ya Tanga tuna kosa la kuungama. Miaka mingi tuliwaambia watoto kwamba ngalawa ni kazi ya wasiosoma. Tuliposikia mtoto amekwenda baharini na babu yake, tulimkemea. Nao wakatusikia mno.

Mwaka jana, wakati wa kusi, vijana 4 waliosoma kwetu walikwenda kuvua kwa mashua ya mashine. Mashine ikazimika, wakachukuliwa na maji kuelekea mwambani. Tanga na foromali vilikuwamo chomboni, lakini hapana hata mmoja aliyejua kulitweka tanga wala kushika demani. Aliyewaokoa ni mzee mmoja katika ngalawa yake, pamoja na mjukuu wake wa miaka 12. Mzee akaingia mashuani, akatweka tanga. Mtoto akairudisha ngalawa pwani peke yake.

Tukaenda kumshukuru, tukamwuliza amemfundishaje. Akasema, "Mwalimu, wenzangu huwapa watoto kata wafue maji miaka mitatu, usukani hawaugusi. Mtoto huchoka, akaenda zake mjini. Mimi nilimpa huyu usukani siku ya kwanza, kata nikashika mwenyewe."

Maneno hayo yalituchoma. Tangu hapo, kila Jumamosi upepo ukiwa mwema, ngalawa 3 hushuka na watoto wetu, wavulana kwa wasichana. Asiyejua kuogelea hashuki. Mtoto hushika usukani. Mtu mzima hukaa karibu naye, akifua maji na kusema machache. Mwanzo wazee walikataa, wakisema, "Manahodha wengi, chombo huenda mrama." Ni kweli, nahodha na awe mmoja, lakini hapana sheria kwamba mmoja huyo lazima awe na mvi.

Hata ng'ambo shida hii waliijua. Mwaka 1947, huko Florida, Marekani, Clark Mills aliunda chombo kidogo kiitwacho Optimist, kisichotimia urefu wa mita 2 na nusu, ili mtoto akiendeshe peke yake. Kimeenea duniani, ila mashindano yake ni ya watoto wasiozidi miaka 15, na akuaye hana budi kuhama. Chombo kingine, kiitwacho sasa ILCA, kina dawa ya jambo hilo: mwili ni mmoja, matanga ni ya kadiri tatu, kila mtu achague limfaalo kwa uzito wake. Nasi tumeshonesha tanga dogo. Mtoto hulitumia asubuhi, na alasiri baba yake hutweka kubwa katika ngalawa ile ile.

Katika vijana wale 4, wawili huja sasa. Waliona haya kufundishwa na mtoto, lakini huja.

Basi, ndugu mwenye chombo, mtazame mwanao leo. Mkononi mwake mna kata, au usukani?