Bibi ni Mzima

"Shikamoo bibi. Unaendeleaje?"

"Marahaba mjukuu wangu. Mimi mzima."

Alijibu hivyo huku mashine ikionyesha 190 kwa 110. Tulikuwa kliniki, Tanga. Vidonge vyake vya presha vya miezi miwili vilikuwa kabatini nyumbani, havijaguswa. Nikamfokea mbele za watu. Mpaka leo naona aibu.

Usiku ule nilirudia kitabu cha Anne Fadiman, The Spirit Catches You and You Fall Down, kilichotoka 1997. Kinamhusu Lia Lee, mtoto wa Wahmong waliotoka Laos wakahamia Merced, California. Madaktari waliona kifafa. Wazazi waliona roho ya mtoto imekimbia, tena kwao ugonjwa huo una heshima yake, kwani baadhi ya wenye nao huja kuwa waganga. Dawa zikabadilishwa mara kwa mara, wazazi wasizitoe kama walivyoelekezwa, hadi serikali ikamchukua mtoto kwa muda. Wote walitaka apone.

Nilipokisoma mara ya kwanza niliwahurumia Wahmong. Safari hii nilijiona nimesimama upande wa pili, nimeshika vidonge.

Humo Fadiman anatumia maswali manane ya daktari Arthur Kleinman. La kwanza ni jepesi: tatizo hili wewe unaliitaje? Asubuhi nikamuuliza bibi.

Akacheka. "Presha ni yenu na mashine yenu. Mimi siumwi popote. Napika, nalima, nikisikia msiba nakwenda. Mgonjwa ni yule asiyeweza kwenda kuwazika wenzake."

Nikakaa kimya. "Mzima" kwetu ni aliye hai, asiyeumwa, aliyekomaa, asiyepungukiwa kitu. Bibi hakuwa amemdanganya nesi. Lakini presha nayo huua bila kuuma, na hilo nalijua vilevile.

"Bibi," nikasema, "umeona mchwa wanavyokula nguzo? Nyumba inasimama tu, hadi siku hiyo. Kidonge ni cha kukufikisha msibani kwa miguu yako."

Akafikiri. "Si ungeanza na hilo jana, kuliko kunipigia kelele?"

Siku hizi anameza, siku nyingine anaruka. Nikimpigia simu siulizi presha kwanza. Namuuliza leo amekwenda kwa nani.