Kuchagua Nikiwa na Saratani

Kongosho limejificha nyuma ya tumbo la chakula. Ndiyo maana saratani yake mara nyingi hugundulika ikiwa imekwisha kusambaa. Yangu imefika kwenye ini, hivyo upasuaji hautaiondoa. Daktari alinieleza njia mbili: tibakemikali, inayoweza kuniongezea miezi pamoja na kichefuchefu na uchovu wake, au tiba shufaa pekee, ya kutuliza maumivu. Mke wangu alitaka tuuze kiwanja. Nilikataa, kiwanja hicho ndicho ada ya watoto. Tumekubaliana nianze mizunguko ya dawa inayolipiwa na bima, kisha tupime upya.

Jirani yangu wodini hakuwa na bima. Hakuna aliyemuuliza anachagua nini. Miaka mingi nimefundisha kwamba uhuru ni kuchagua. Sikufundisha kwamba wengine hawaulizwi kamwe.