Pini na Uzi



Mtu akilipata gazeti letu hutazama kwanza kama jina lake limo, kisha picha za mpira. Ni wachache watazamao mgongo wake, na hali pini mbili zilizomo ndizo zinazoliweka pamoja. Muhula huu nilikuwa miongoni mwa waliolifunga, na napenda niwaeleze kazi hiyo.

Huanza kwa hesabu. Karatasi moja ikikunjwa katikati hutoa kurasa 4. Basi karatasi 5 ni kurasa 20. Karatasi ya nje huchukua ukurasa wa 1 pamoja na wa 20, ifuatayo wa 3 na wa 18. Jumla ya kurasa mbili za upande mmoja ni 21 daima; isipokuwa hivyo, mpango umeharibika.

Stepla ya kawaida ni fupi, haifiki katikati ya karatasi. Kwa hiyo huifungua mdomo, tukalaza karatasi juu ya boksi, jalada likiwa juu, tukapiga pini katika mkunjo. Kisha hugeuza na kulaza miguu ya pini kwa mgongo wa kijiko.

Lakini pini ina adui, naye ni kutu. Kwetu Mufindi, mkoani Iringa, ukungu huingia hata sandukuni. Bibi yangu ametunza kijitabu cha kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu wapatao 2,000,000 walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio na kusoma habari za afya. Katika kikundi chao, Bibi ndiye aliyewasomea wenzake. Likizo iliyopita nilikuta kutu imekula pini na karatasi pia, na karatasi moja ya katikati imepotea. Bibi alinitajia yaliyokuwamo kwa kadiri alivyokumbuka, nami nikayaandika katika karatasi mpya.

Nilizing'oa pini kwa ncha ya kisu, nikatoboa matundu matatu katika mkunjo, nikashona kwa uzi: kutoka tundu la kati kwenda nje, kuingia la juu, kutokea la chini, kurudi la kati, kisha fundo. Uzi hauna kutu.

Basi wenzangu, pini yatosha kwa kitu cha kusomwa muhula mmoja. Gazeti hili limefungwa kwa pini. Atakaye kuwaonyesha wajukuu wake, na atafute sindano mapema.